Ninapelekwa kwa Hiari Yangu

"Kwa hiari yangu," alisoma mwalimu mkuu Turob, polepole, kama mtu anayewasomea imla watoto wa darasa la pili. "Mmeandika? Kwa hiari yangu mwenyewe. Mkato. Bila kulazimishwa, mkato, bila kushurutishwa, mkato, bila kushinikizwa na mtu yeyote. Mkato tena."

Walimu arobaini na watatu wa shule ya Qumariq walikuwa wamejibana kwenye madawati ya darasa la saba, magoti yakigonga mbao, kila mmoja na karatasi yake na kalamu yake. Ilikuwa Alhamisi, katikati ya Septemba, na watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani tangu asubuhi. Kila mwaka majira haya, kwa jina la hashari, yaani kazi ya kusaidiana, shule hugeuka kambi ya pamba, na hakuna anayeshangaa. Jipya la mwaka huu lilikuwa karatasi. Wilaya ilikuwa imetuma maneno yaliyopigwa chapa, na kila mwalimu ayanakili kwa mkono wake, aweke jina na sahihi.

"Haya. Ninapelekwa kwenye hashari ya kuchuma pamba kwa muda wa siku arobaini. Nukta."

Kalamu zikakwaruza. Moja ikasimama. Ilikuwa ya Muazzam, mwalimu wa lugha, mwanamke wa miaka hamsini kasoro mbili, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewachosha watoto wa kijiji kile kwa vitenzi. Aliisoma tena sentensi yake, halafu akainuka.

"Kaka Turob, samahani. Hapo kuna kosa."

"Kosa gani, dada?"

"Kitenzi. 'Ninapelekwa' ni kauli ya kutendwa. Mtu anayepelekwa hapelekwi kwa hiari yake. Aliyeandika alitaka kusema 'ninakwenda'. Ama 'ninashiriki'."

Vicheko vya chinichini vikapita kwenye madawati. Saodat, mwalimu wa hesabu, shoga yake Muazzam tangu chuoni, akamvuta sketi. "Kaa chini, mwenzangu. Utaanza kutusahihishia na nukta."

Turob hakucheka. Alikuwa mtu mnene wa tai fupi, mwenye jasho hata wakati wa baridi, na kila karatasi iliyotoka wilayani aliishika kwa mikono miwili. "Dada Muazzam, hapa si darasa la saba."

"Hapa ni darasa la saba," akasema Saodat, na safari hii watu wakacheka wazi.

"Hili limetoka juu!" Turob akapandisha sauti. "Limepigwa muhuri! Wewe nani umsahihishe naibu mkuu wa wilaya? Andika kama ilivyo. Wote, andikeni kama ilivyo, herufi kwa herufi!"

Muazzam akakaa, akaandika kama ilivyo. Mkono ulimwuma kuandika kosa kwa kukusudia, lakini aliandika.

Hapo ndipo Oygul alipoinua mkono. Oygul alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na alikuwa mkaza mwana wa Muazzam, mke wa mwanawe pekee, Sherali, aliyekuwa akijenga maghorofa ya watu huko Urusi. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka mbili, na ya pili ilitoka shambani, kwenye pamba hiyo hiyo, mwaka juzi.

"Mwalimu mkuu, mimi nina cheti cha daktari."

"Lete."

Akakipeleka mbele. Turob akavaa miwani na kukisoma kwa sauti, mbele ya wanaume kumi na sita, pamoja na mwalimu wa michezo ambaye alikuwa ametoka chuo juzi tu. "'Mimba ya wiki ishirini na tisa. Ameharibu mbili. Asiiname, asibebe mzigo, asilale penye baridi.'" Akakigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Wanaume waliangalia meza zao. Oygul alikuwa mwekundu hadi shingoni.

"Cheti hiki ni cha nini, binti yangu?"

"Cha... cha kunisamehe nisiende."

"Kukusamehe?" Turob alishangaa kweli, ama alijitahidi kushangaa. "Nani kakulazimisha? Umeandika nini pale? Kwa hiari yangu. Anayesamehewa ni aliyelazimishwa. Wewe umejitolea mwenyewe, sasa mimi nikusamehe kitu gani?"

Akamrudishia cheti kwa vidole viwili. Oygul alirudi kwenye dawati lake akiwa ameshika tumbo, akaweka sahihi. Muazzam aliyaona hayo yote na hakufungua mdomo. Kwa ajili ya kitenzi alikuwa amesimama, kwa ajili ya mtoto wa watu aliyekabidhiwa na wazazi wake alibaki ameketi, na aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

*

Hamdam, mumewe Muazzam, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jioni ile alikula kimya mpaka Oygul alipokwenda kuosha vyombo, halafu akasukuma bakuli.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, baba Sherali."

"Ukasema nini?"

"Nilisema kitenzi kimekosewa."

"Kitenzi," akasema Hamdam. "Mkaza mwana anapelekwa akalale kwenye ghala la mbolea, juu ya majani, na wewe unasahihisha kitenzi. Hongera, mwalimu."

Muazzam akamega mkate, akaacha vipande mezani bila kuvila.

"Na wasiniambie neno hashari," Hamdam akaendelea, na sasa alikuwa amekasirika sana. "Nyumba hii ilijengwa kwa hashari. Ulikuwepo, ulikuwa bibi harusi. Watu thelathini walikuja bila kuitwa mara mbili. Waliukanyaga udongo miguu mitupu, wakafyatua tofali elfu mbili kwa siku tatu, mama akapika pilau, wakala, wakaimba, wakaondoka. Kesho yake mimi nikaenda kwa jirani Nishon kumjengea yeye. Hiyo ndiyo hashari. Hawa wamechukua neno la watu wema wakalivika kofia ya polisi."

"Polepole, majirani."

"Majirani nao wamo kwenye orodha! Nani atanisikia?"

Ijumaa hakufungua karakana. Alikwenda sokoni wanapokaa vibarua, akampata mwanamke mmoja mwenye mikono migumu, Tursunoy, aliyekubali kwenda mahali pa Oygul kwa laki nne za som kwa kila siku kumi. Siku arobaini ilikuwa milioni na laki sita, yaani mshahara wa Oygul wa miezi mitatu. Hamdam akahesabu bei ya kondoo dume na cherehani ya mkewe, akaona inakaribia.

"Na mimi nitaandikishwa hiyo hiari?" Tursunoy aliuliza, maana habari ya karatasi ilikuwa imefika mpaka sokoni.

"Sijui. Labda."

"Waambie mimi naenda kwa njaa. Kama wana karatasi ya njaa, nitatia sahihi."

Lakini Turob alimkataa mlangoni. Miaka mingine sawa, alisema, leta kibarua, leta hata babu yako, wilaya inataka vichwa tu. Mwaka huu kutakuja wageni kutoka mji mkuu, pamoja na wazungu, kuhakikisha hakuna aliyelazimishwa. Watasoma karatasi na watalinganisha majina na vitambulisho. Kwa hiyo ni lazima aende mwenyewe yule aliyejitolea.

"Sema tena," Hamdam alimwambia. "Ni lazima aende aliyejitolea?"

"Kaka Hamdam, usinichezee. Mimi nina orodha ya watu arobaini na watatu. Wakipungua, kichwa changu ndicho kitajaza pengo. Basi linaondoka Jumatatu saa nne."

Hamdam akarudi nyumbani, akamrudishia mkewe cherehani yake.

*

Jumapili asubuhi Oygul alikuwa uani akifungasha blanketi. Alikuwa amelikunja mara nne na kulifunga kwa kamba, na alipoinuka alibaki kwanza ameshika kiuno. Muazzam alimtazama kutoka jikoni, akatoka, akaifungua ile kamba.

"Mama, nitachelewa kufunga."

"Acha kwanza."

"Mama, mimi sitaki uingie matatani kwa ajili yangu. Nitachuma polepole. Nitakaa chini badala ya kuinama."

"Mwaka juzi ulikaa chini?"

Macho yalimjaa Oygul machozi, akageukia ukuta. Muazzam alitaka kumwambia maneno mazuri, akayatafuta, hakuyapata. Yeye aliyefundisha lugha kwa miaka ishirini na sita! Alichoweza ni kulibeba lile blanketi na kulirudisha ndani.

Hapo geti likagongwa. Alikuwa Turob, amevaa tai siku ya Jumapili, kwapani ana bahasha nene. Akakaribishwa kwenye kitanda cha uani chini ya mzabibu, akamiminiwa chai, akakatiwa tikiti. Alikula kipande kimoja kwa adabu, akajifuta mikono.

"Dada Muazzam, nimekuja na ombi dogo."

"Karibu."

"Zile karatasi za Alhamisi." Akakohoa. "Kuna kijana mmoja mkoani kazisoma jana. Inaonekana kuna... kuna jambo la kisarufi."

Muazzam akaweka birika chini.

"Wageni wanakuja kesho saa tatu," Turob akaharakisha. "Sasa wakikuta watu arobaini na watatu wameandika 'ninapelekwa', wameandika kwa mikono yao, na sahihi! Naibu karibu azimie. Nimeleta karatasi mpya. Mnaandika upya, wewe na mkweo, 'ninakwenda'. Neno moja tu. Wewe mwenyewe ndiye uliyeliona, dada, hongera, una jicho!"

Kwenye kizingiti cha jikoni Hamdam alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Muazzam alimtupia jicho, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi Hamdam alikuwa akitabasamu.

"Kaka Turob," alisema Muazzam, "uliniambia niandike kama ilivyo."

"Nilikuambia, ndiyo."

"Herufi kwa herufi."

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Mimi nimetii. Karatasi yangu haina kosa. Imesema kweli tupu, ninapelekwa."

Turob akatoa leso, akajipangusa paji. Ndipo alipoanza kushuka ngazi za maneno, moja baada ya nyingine, na Muazzam, kwa mazoea ya kazi, akawa anazihesabu moyoni. Kwanza aliomba. Kisha alisihi, kwa jina la baba yake Muazzam, marehemu, mtu mwema. Kisha alinasihi, kwamba mwanamke wa umri wake asijitafutie makubwa. Kisha alikumbusha, kwamba daraja lake la ualimu linapitiwa mwezi wa pili, na bila daraja mshahara unashuka kwa robo. Kisha alionya kuhusu karakana ya Hamdam, kama leseni yake iko sawa, maana wakaguzi wa moto siku hizi hawana huruma. Mwisho akaacha kuzunguka.

"Utaandika ama hutaandika?"

"Mwondoe Oygul kwenye orodha, nami nitaandika unachotaka. Mimi nitakwenda. Siku arobaini, hamsini, nitachuma."

"Siwezi! Arobaini na watatu wameshatangazwa! Nikisema arobaini na wawili wataniuliza yule mmoja kalazimishwa abaki ama vipi?" Akasikia mwenyewe alichokisema, akashusha sauti. "Dada, hata mimi... Unadhani mimi napenda? Kila siku saa mbili usiku wanatukusanya wilayani, wanatuita mbwa, kwa majina yetu. Juzi walimsimamisha mkuu wa shule ya Yangiyer mbele ya wote, wakamwambia avue tai, kwa sababu kilo za pamba zilipungua. Mtu wa miaka sitini."

Muazzam alimwamini. Alimwonea hata huruma, lakini huruma ile haikumfikisha mahali pa kumtoa Oygul apelekwe.

Turob akageuka akamwona Oygul mlangoni, akaona njia nyepesi. Akalainisha sauti. "Binti yangu, njoo. Wewe ni msikivu, si kama wazee hawa. Chukua kalamu, andika, tumalize. Usimponze mkweo."

Oygul alikuja. Alikuwa na kawaida ya kutembea akiangalia chini mbele ya wakubwa, na alikuja hivyo hivyo. Akaitazama karatasi nyeupe, asiiguse.

"Mimi nilishaandika, mwalimu mkuu."

"Ndiyo, lakini sasa unaandika vizuri zaidi."

"Nilishaandika kwa hiari yangu," alisema, "bila kushinikizwa na mtu yeyote. Nikiandika tena leo nitakuwa nimeshinikizwa."

Kule jikoni Hamdam alicheka kwa sauti mpaka akaanza kukohoa. Turob akakusanya karatasi zake, akasahau kofia, ikabidi arudi kuichukua.

*

Jumatatu saa mbili walimu wote walikuwa darasa la saba tena, mizigo yao imelundikwa koridoni, na basi limesimama uwanjani na injini inanguruma. Saodat hakuwa amelala usingizi mzuri. Alikuwa amepiga simu nyumba kwa nyumba Jumapili nzima. Kila mmoja alijua cha mwenzake. Turob alikuwa ametembelea nyumba kumi na moja, na katika hizo kumi na moja tisa walikuwa wamemjibu kwamba waliandika kama ilivyo.

Kwa hiyo safari hii alikuja naibu mwenyewe. Alikuwa mwembamba, kijana kuliko walivyomdhania, mwenye viatu vilivyong'aa na simu mbili. Hakusalimu.

"Nani mwalimu wa lugha?"

Muazzam akasimama.

"Kumbe ni wewe bingwa wa sarufi." Akampa karatasi. "Basi utasoma wewe. Lisije likatokea kosa jingine mkasingizia ofisi. Unawasomea imla, wanaandika, karatasi za zamani zinachomwa. Wageni wako njiani, wametoka mjini saa moja. Nani ana swali? Hakuna mwenye swali. Na nyie mnaojifanya wajuaji, majina yenu ninayo. Daraja, leseni, nyumba za serikali, watoto wenu vyuoni, vyote ninavyo hapa." Akagonga mfuko wa koti.

Muazzam alikwenda mbele. Ubaoni kulikuwa bado na tarehe ya Jumatano kwa mwandiko wake mwenyewe. Akaisoma ile karatasi kimya, kwanza hadi mwisho, kama anavyowafundisha watoto. Kwa hiari yangu mwenyewe, bila kulazimishwa, bila kushurutishwa, bila kushinikizwa na mtu yeyote, ninakwenda kwenye hashari ya kuchuma pamba kwa muda wa siku arobaini.

Sentensi ilikuwa safi. Kila kitu kilikaa mahali pake. Ile ya kwanza angalau ilikuwa na ufa, na ukweli ulichungulia kwenye ufa ule. Hii ilikuwa imezibwa kabisa. Miaka yote ile ya kusahihisha alikuwa hajawahi kuichukia sentensi isiyo na kosa. Akainua macho, akamwona Oygul kwenye dawati la pili, kalamu tayari, mkono mmoja ubavuni, uso umemtoka rangi. Hazikufika saa mbili kabla basi halijampeleka kulala ghalani.

"Soma," alisema naibu. Simu moja ililia, akaipokea, akasogea dirishani. "Ndiyo... wako wapi? Darajani? Tayari?"

"Andikeni," alisema Muazzam, na sauti yake ikawa ile ya darasani, inayofika hadi dawati la nyuma bila kupanda. "Mimi. Jina lako kamili. Mkato. Kwa hiari yangu mwenyewe. Mkato."

Kalamu zikatembea.

"Bila kulazimishwa. Mkato. Bila kushurutishwa. Mkato. Bila kushinikizwa na mtu yeyote. Mkato."

Akasubiri, kama anavyosubiri kila mara, mpaka kalamu ya mwisho iinuke. Aliogopa, na tusiseme hakuogopa. Aliifikiria robo ya mshahara, akalifikiria geti la karakana likipigwa lakiri. Halafu akasema:

"Siendi."

Hakuna aliyeandika. Turob, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alifungua mdomo ukabaki wazi.

"Siendi," akarudia Muazzam. "Kauli ya kutenda, hali ya kukanusha. S, i, e, n, d, i. Kwenye hashari ya kuchuma pamba. Nukta."

Kalamu moja ilianza. Ilikuwa ya dawati la pili. Ilisikika kwenye darasa zima, ikikwaruza polepole kwa mwandiko wa mviringo wa mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mwalimu," alisema Saodat, ameinua mkono, kwa sauti nyembamba ya mwanafunzi mtundu, "sikusikia vizuri. Rudia kitenzi."

"Siendi."

"Ni neno moja ama mawili, mwalimu?" akauliza mwalimu wa michezo kutoka nyuma.

"Moja tu."

Na sasa kalamu zilianza kila upande. Si zote. Wanne ama watano waliziweka chini na kukaa wameinamisha vichwa, na mzee wa jiografia, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alifunika karatasi yake kwa mkono watu wasione alichoandika. Lakini wengi waliandika. Mtu akacheka, akafuatwa na mwingine.

Naibu akageuka kutoka dirishani, simu bado sikioni. "Kuna nini? Mnacheka nini?" Akaja, akanyakua karatasi ya Saodat, akasoma. Shingo ikamvimba. "Andikeni 'ninakwenda'! Sasa hivi! Wote!"

"Hiyo ni amri, naibu?" aliuliza Saodat. "Nauliza tu, maana hapo juu nimeshaandika sikulazimishwa. Nisije nikasema uongo mbele ya wageni."

"Nitakufukuza kazi! Nitawafukuza wote! Mnanijua mimi?"

"Dada," Turob alimnong'oneza Muazzam, amekuja mpaka ubavuni mwake, "umenimaliza. Watanivua tai mimi."

"Wewe unakwenda kwa hiari yako, Kaka Turob?"

Turob aliangalia karatasi iliyokuwa mkononi mwa Muazzam, akaangalia mlango, akajipangusa.

Nje basi likazima injini. Magari mawili meupe yalikuwa yakiingia getini taratibu, yakilizunguka basi, na dereva wake alishuka kuwaonyesha njia. Naibu aliona hayo kupitia dirishani. Alikuwa na karatasi ya Saodat mkononi, akaanza kuichana, akaacha katikati, kwa sababu mlango wa gari la kwanza ulikuwa umefunguliwa na mwanamke mwenye daftari alikuwa akitazama moja kwa moja upande wa darasa. Naibu akaikunja karatasi, akavaa tabasamu. Ni ajabu lilivyomkaa haraka.

Wakati huo Oygul alikuwa amemaliza. Aliweka jina lake lote, la baba yake na la ukoo, akaweka tarehe, akaweka sahihi. Akainuka kwa kujishikilia kwenye dawati, akaipeleka karatasi mbele, akaiweka mezani na upande ulioandikwa ukitazama juu. Kisha akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Wewe!" naibu alisema akibana meno, tabasamu likiwa palepale. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nani kakuruhusu?"

Oygul alisimama. Safari hii hakuangalia chini. Alimtazama usoni, akaionyesha ile karatasi kwa kidevu.

"Soma pale," alisema. "Nimeandika."